Ng'ombe Waliokula Gesi

Kina mama, nawasalimu kwa upendo wa yule aliyetupitisha kwenye barabara za barafu, sisi wa Louisville na ninyi wa Buffalo, tukafika hapa Columbus kwa dada zetu tukiwa wazima wote. Mimi si mtu wa kushika kipaza sauti. Mtanisamehe. Viongozi wa kikundi chetu wameniomba niseme yaliyonipata mwaka jana. Nimekubali, ila sitataja mtu jina. Atakayejijua atajijua, na akitaka kucheka acheke. Siku hizi hata mimi nacheka. Wakati ule sikuwa na meno ya kuchekea.

Ndugu zangu, nawaambia, wengine wamepewa kuimba, wengine kuhubiri, mimi nilipewa kusinzia. Msicheke, ni kweli. Nilikuwa nafanya zamu ya usiku ghalani, napanga viatu vya watu kwenye maboksi. Nikirudi nyumbani pale Shively, pembeni mwa Louisville, jua ndiyo linachomoza, mwili umechoka lakini macho yanakataa kufunga. Nakaa kwenye kiti cha dirishani na koti langu mwilini, naangalia ukungu kwenye maegesho ya magari. Na ule ukungu mnaujua. Magari yanapotea humo, nguzo za umeme zinapotea, na mimi nasikia ng'ombe wa marehemu baba wanashuka mlimani. Nasikia kwato kwenye majani yenye umande. Hata harufu yao, jamani, naisikia mle ndani, ghorofa ya pili, juu ya zulia. Binti yangu mdogo anapita kwenda shule, ananiambia, "Mama, go to bed." Namwambia nyamaza, utawashtua.

Bon. Mtu wa namna hiyo ukimpeleka sokoni peke yake, unategemea nini?

Ilikuwa Jumamosi, kwenye lile soko la vitu vilivyotumika. Mzee mmoja Mzungu alikuwa anafunga biashara yake, anauza kila kitu kwa bei ya kutupa. Juu ya meza yake, katikati ya visu na miwani ya jua, kulikuwa na kundi la ng'ombe. Wadogo, mmoja anakaa kiganjani. Rangi ya udongo mwekundu, na pembe ndefu, ndefu kwelikweli, zimepinda kwenda juu. Nilisimama pale nikasahau nilichofuata. Yule mzee akasema ni ng'ombe wa Texas. Nilimwangalia nikamhurumia. Texas ya wapi? Wale walikuwa wa kwetu, wa milimani Kivu Kusini, hata namna ya kusimama ilikuwa ya kwetu. Akamchukua mmoja, akambonyeza mkia, na moto mdogo ukatoka mdomoni.

Vilikuwa viberiti vya gesi, kina mama. Brike, kama tunavyosema. Viberiti vya kuwashia sigara vilivyoumbwa kama ng'ombe. Mimi sivuti sigara, nyumbani kwangu hakuna anayevuta, lakini nilinunua zizi zima. Nikamwambia mzee akipata wengine anipigie simu.

Siku zilizofuata nilikuwa nawapanga dirishani asubuhi, nikitoka kazini. Nafunga pazia, nabonyeza huyu, nabonyeza yule, ule moto wa bluu na manjano unacheza kidogo halafu unakufa. Mume wangu aliniambia, "Weye unaanza kuzeeka vibaya." Lakini mimi nilikuwa nimeona kitu. Mnajua shida yetu. Kwetu hakuna arusi bila ng'ombe, na hapa ng'ombe tutamweka wapi? Kwenye lifti? Kwa hiyo kwenye arusi zetu za Amerika tunapeana ng'ombe wa mdomo. Mzee anasimama, anamsifu ng'ombe ambaye yuko kijijini, ambaye pengine ameshaporwa, na upande wa pili unapiga makofi kwa huzuni. Nikasema hapana. Kwenye arusi ya jirani yetu nikawaletea ng'ombe wangu mezani. Msemaji wa ukoo akamnyanyua mmoja, akamsifia pembe, akamsifia mwendo, akambonyeza mkia. Moto! Vigelegele vilipasua dari. Kuna bibi mmoja alilia pale, akambusu yule ng'ombe wa bati kwenye paji la uso.

Basi simu zikaanza. Huku Columbus wanataka, Buffalo wanataka, mpaka watu wa majimbo ambayo siwezi kuyatamka. Yule mzee wa sokoni akanitafutia maboksi mengine. Nikamwomba binti yangu mdogo awaweke kwenye ile tovuti ya kuuzia vitu. Akapiga picha, akaweka. Kesho yake tovuti imeziondoa, imeandika maneno mengi kwa rangi nyekundu. Binti akasoma, akasema, "Mama, hawaruhusu. Ni lighter. Iko na gesi." Nikamwambia waandikie kwamba si lighter, ni ng'ombe. Akaniangalia, lakini ni mtoto aliyelelewa vizuri, akaandika: ng'ombe mdogo, pambo la nyumbani. Picha zikakaa.

Hapo ndipo nilitakiwa kuamka, kina mama. Maneno mekundu ni maneno mekundu hata kama hujui kusoma. Ila nilikuwa nimesinzia vizuri sana.

Sasa nisikilizeni habari ya posta. Pale dirishani kulikuwa na dada mmoja mpole, kucha ndefu zimepakwa rangi, na kila nikileta boksi ananiuliza swali lile lile, mbio mbio, kama mtu anayesali sala aliyoizoea. Katika maneno yote yale mimi nilikuwa naokota moja tu. Hasara. Anasema wee, wee, wee, hasara? Nikajiambia, ona Wamarekani walivyo waungwana, wanamuuliza mfanyabiashara kama anapata hasara! Nikawa namjibu kwa furaha, "No, no hasara! Only good!" Naye anatabasamu, anapiga muhuri, anachukua boksi.

Siku moja nikaenda na mume wangu. Yeye alisoma Kifaransa mpaka kikamtokea puani. Akalisikia lile neno, akanivuta kando. "Wapi hasara? Anasema *hasard*. Njo bahati, ndiyo maana yake. Donc anauliza kama unatuma vitu vya bahati, mambo ya kamari." Lo! Mimi, mama wa kanisa, nitume kamari? Safari iliyofuata yule dada alipouliza, nilinyoosha kidole juu nikamwambia, "No! Never! I am Christian!" Alicheka mpaka wenzake wakageuka. Nilitoka pale nimejaa amani, naona nimeshuhudia imani hadi posta.

Nyinyi mnacheka. Nami nilikuwa nachekelea hivyo hivyo.

Kiangazi cha mwaka ule binti yangu mkubwa akaolewa Buffalo, kwenye familia njema ya watu wa kwetu. Mnajua desturi: baada ya mahari, nasi wazazi wa msichana tunamsindikiza binti na ng'ombe wetu, waende wakaongeze zizi la alikoolewa. Mimi ningekosaje? Nilichagua wale wenye pembe nzuri kuliko wote. Nikawakabidhi mikononi mwa bamwana wangu, mama wa mkwe wangu, mbele ya watu. Yule mama ni mtu wa heshima, mgumu kidogo, hacheki ovyo. Siku ile alicheka. Akawapanga kwenye rafu sebuleni, juu ya televisheni, na binti yangu akanieleza kwamba kila asubuhi bibi anawapangusa vumbi kwa kitambaa na kuwahesabu, kama watu wa zamani wanavyohesabu wanaporudi malishoni.

Halafu yakaja ya kuja.

Asubuhi moja niko dirishani na ukungu wangu, mlango ukagongwa. Mwanamume wa makamo, kitambulisho kifuani, mtu wa upelelezi wa posta. Nilirudi hatua nyuma hata kabla hajasema. Sisi tuliokimbia nchi, mtu mwenye kitambulisho akigonga, miguu inakumbuka yenyewe. Nikaona watoto wangu, nikaona makaratasi yetu ya uraia tuliyokuwa tunasubiri, nikaona ndege inaturudisha. Lakini yule bwana alikuwa mtaratibu. Aliona Kiingereza changu kimeishia mlangoni, akapiga simu ya mkalimani, akaiweka mezani. Ikatoka sauti ya kaka mmoja, Kiswahili chake laini, cha pwani, mpaka nikajisikia mshamba.

Akasema, "Mama, shikamoo. Afisa anasema kifurushi chako kimoja kimetoa harufu ya gesi kwenye mashine ya kuchambulia barua. Wafanyakazi walitolewa nje. Hakuna aliyeumia. Anauliza: ulipoulizwa dirishani kama ndani kuna kitu cha hatari, ulijibu nini?"

Nikasema, "Kaka yangu, sijawahi kuulizwa hatari. Niliulizwa hasara."

Nikaongeza, "Halafu baadaye nikaulizwa kamari."

Kina mama, nikamsikia yule mkalimani anakohoa, halafu nikajua hakohoi. Anacheka. Akaniomba radhi. Akanieleza polepole kwamba neno lile la posta ni *hazardous*, na maana yake kwa Kiswahili ni hatari. Kitu kinachoweza kulipuka, kuungua, kumdhuru mtu njiani. Neno moja tu. Nilikuwa nalikanyaga kila wiki na viatu vyangu.

Afisa akaeleza sheria, mkalimani akawa anaishusha kidogo kidogo. Kiberiti chenye gesi hakitumwi kwa posta mpaka uwe na kibali maalum, na kwenye ndege za posta hakipandi kabisa, kwa sababu gesi ikivuja huko juu hakuna wa kukimbilia. Na kiberiti kilichoumbwa kama kitu cha kuchezea, kuna majimbo yanakataza hata kukiuza. Nikauliza, kwa nini? Kiberiti si kiberiti? Yule bwana alimchukua ng'ombe mmoja pale dirishani, akamweka mezani mbele yangu, katikati ya kikombe changu na Biblia. Akauliza, "Mtoto akikuta hiki, atafikiri ni nini?"

Nilimwangalia yule ng'ombe. Kwa mara ya kwanza sikuona mlima wala umande. Niliona kitu cha mtoto chenye moto tumboni.

Alichukua waliobaki, akaniandikia onyo, akaniambia nikirudia nitashtakiwa. Akaaga vizuri. Mimi nikabaki nimekaa. Na pale nilipokaa ndipo nikakumbuka kwamba kwenye ile nyumba ya Buffalo kuna mtoto. Mjukuu wa bamwana, msichana wa miaka minne, mtoto wa shemeji ya binti yangu. Nikachukua simu nikampigia binti kwa video. Akaipokea jikoni, nikamwambia nionyeshe sebule. Akageuza simu. Mtoto alikuwa juu ya kochi, amevaa soksi tupu, amewapanga ng'ombe kwenye mto. Anawachunga! Ana kijiti, anawapigia mluzi, hata mluzi wenyewe alikuwa hajaujua vizuri.

Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. "Wanyang'anye! Watoe hao ng'ombe, watupe nje, sasa hivi!"

Kelele zile akazisikia bamwana. Akaja, akachukua simu, uso wake ukajaa kioo chote. "Bamwana, njo nini? Nasikia unadai ng'ombe?"

Nikaanza kueleza. Gesi, posta, polisi, onyo. Maneno yalikuwa yanagongana mdomoni. Yeye alisikia moja tu, kama mimi nilivyosikia moja tu kule posta. Alisikia kwamba mama wa bibi arusi anataka ng'ombe warudi. Na kwetu, ndugu zangu, mnajua ng'ombe wakirudi maana yake nini. Ng'ombe wakirudi, mtoto anarudi. Ndoa imekufa. Akaniambia taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha, "Kama umechoka binti yako kukaa kwetu, sema. Usitafute sababu kwa polisi." Akakata.

Binti alinipigia baadaye, amejifungia bafuni, analia. Nikamwambia watupe kwa siri. Akasema, "Mama, anawahesabu kila asubuhi. Watasema nimetupa ng'ombe wa wazazi wangu, nitakaa hapa na sura gani?" Nikamwambia, basi angalau wafiche, mtoto asiwaone. "Mama, nimewapandisha juu ya kabati. Bibi amewarudisha. Anasema kwake ng'ombe hawafichwi."

Kina mama, nilianguka. Sikuanguka kwa miguu. Nilikaa kwenye kile kiti nikawa siwezi kula. Nikifumba macho naona ng'ombe wanashuka mlimani kama zamani, wanakuja taratibu kwenye ukungu, wazuri, wakifika karibu wanafungua midomo. Kanisani nilikuwa nakaa nyuma. Maneno yalikuwa yametangulia, mtu mmoja alinisalimia "mama polisi". Mume wangu aliniambia, "Acha. Ukienda kule kuchukua ng'ombe, utarudi na msichana." Na alisema kweli. Huku kuna ndoa ya mwanangu, huku kuna ngozi ya mtoto wa watu. Nilimwambia Mungu, chagua wewe. Hakuchagua. Nikakata tiketi ya basi.

Basi likasimama huku Columbus, lazima ubadilishe. Kuna rafiki yangu anakaa Reynoldsburg, yuko humu ndani, akijificha nitamwonyesha kwa kidole. Alikuwa amenunua ng'ombe kwangu, kwa hiyo nikamwomba anifuate kituoni aje naye. Alikuja, akafungua pochi, akanikabidhi ng'ombe wake amemfunga kwenye mfuko wa plastiki, ameshikilia kwa ncha ya vidole. "Huyu wako alishagonjwa zamani," akasema. "Ananuka mdomo, anapuliza ssss. Nilimtenga kwenye balkoni asije akaniambukizia friji."

Alikuwa anatania, mnamjua. Lakini mimi nilimkumbatia pale kituoni mpaka watu wakatuangalia. Akasema, "Weye, ni brike tu." Nikamwambia hapana, dada, umeniponya. Tukampeleka ng'ombe wake kituo cha zimamoto kilichokuwa karibu. Yule kijana wa zimamoto alimgeuza, akatabasamu, akatuambia tumefanya vizuri kutomtupa kwenye takataka.

Njia nzima kwenda Buffalo theluji ilikuwa inaanguka. Theluji ya kule haina sauti. Unaangalia nje huoni mji, huoni shamba, basi linaelea ndani ya maziwa. Nilisinzia na kuamka, nikasinzia na kuamka, na kila nikiamka nilikuwa narudia sentensi moja kwenye midomo yangu nisije nikaikosea.

Nilifika mchana. Ile nyumba ni ya mbao, ya ghorofa, mapazia mazito. Binti alifungua mlango akanishika mkono akaniingiza ndani. Bamwana alikuwa amekaa kwenye kiti chake, shuka begani, ng'ombe juu ya rafu nyuma yake. Hakusimama.

"Karibu, bamwana. Umekuja kuchukua msichana ama ng'ombe?"

Nikapiga goti. Mimi na umri wangu. Nikasema ile sentensi. "Sikuja kuchukua. Nimekuja kukuambia kwamba kundi letu limeingiwa na ugonjwa."

Mtu mwingine yeyote angenicheka. Msichana wa Marekani angeniuliza ugonjwa gani wa bati. Lakini yule mama ni mchunga ng'ombe, mtoto wa mchunga ng'ombe. Na kwetu, kundi likiugua, hakuna anayesema ng'ombe wamedaiwa. Wa mahari, wa urithi, wa zawadi, wote wanatengwa, na ndoa inabaki pale pale. Hakuna aibu ndani yake. Niliona mgongo wake unanyooka.

"Ugonjwa gani?"

"Wa tumbo. Wamekula gesi, nayo inawatoka. Wale niliotuma kwa posta wameugua njiani, watu wakakimbia. Wa Columbus ameugua. Nilikupa bila kujua. Ningejua nisingekupa."

Akanyanyuka. Akamchukua mmoja kwenye rafu, akamweka sikioni kama wanavyosikiliza ndama. Akamnusa mdomo. Akamnusa tena. "Huyu anapumua vibaya," akasema. Akamwambia binti yangu, "Leta kikapu." Mimi machozi yalikuwa yananitoka, nayafuta na kilemba. Akaanza kuwaingiza mmoja mmoja, anawahesabu, na alipofika mwisho akasimama.

"Mmoja amepungua."

Tukaangalia chini ya kochi, tukaangalia nyuma ya televisheni. Halafu tukasikia sauti ndogo chini ya meza ya chakula, nyuma ya kitambaa cha meza kinachogusa sakafu. "Shhh. She's cold."

Bamwana akainama, akafunua kitambaa. Mtoto alikuwa amekaa humo, amejifunika blanketi la manyoya mpaka kichwani, ng'ombe kifuani. "Bibi, she's cold," akasema, na akambonyeza mkia.

Sijui kama alijifunza kwa kutuona arusini. Pengine. Moto ulitoka, ule ule mdogo mzuri niliokuwa nautazama nyuma ya pazia langu. Ukashika ncha ya blanketi pale karibu na nywele, ukapanda mbio kwenye manyoya yale. Mimi nilisimama. Nawaambia ukweli, nilisimama tu, mdomo wazi. Ni bamwana aliyeingiza mkono. Hakutafuta maji, hakuita mtu. Alilivuta blanketi kwa mkono mmoja, na kwa kiganja cha pili akaukamata moto, akaufinya kama mtu anayefinya ugali, mpaka ukafa. Mtoto hata hakulia. Alishangaa tu kwamba amenyang'anywa blanketi.

Bamwana akakaa sakafuni, mtoto mapajani, kiganja kimeanza kutoa malengelenge. Binti yangu akakimbilia maji ya baridi. Yule mama akaniangalia, akasema, "Bamwana. Ng'ombe wako walikuwa wagonjwa sana."

Tukalia pamoja, wote watatu, pale chini kwenye sakafu. Mtoto akawa anatufuta machozi kwa mkono wake, anatuuliza, "Why is everybody sad?"

Siku ile ile mkwe wangu aliwapeleka wote zimamoto. Alipotoka na kikapu, bamwana alisimama mlangoni akiwaaga, mkono umefungwa kitambaa. Kisha akanigeukia. "Sasa nitakaa na zizi tupu?" Nikamwahidi. Nilirudi Louisville nikakata vitenge, nikashona ng'ombe, tumbo limejaa pamba, pembe za waya nimezifunga kwa nguo. Nikamtumia. Akapiga simu: "Pembe fupi." Nikashona wengine. Mpaka wakampendeza machoni.

Donc, hivyo ndivyo ninavyofanya biashara hata leo. Wale wa kitenge wako kwenye tovuti na hakuna maneno mekundu. Walionunua wale wa kwanza niliwapigia wote, nikaomba radhi, nikawaambia kundi linaumwa, na wa kwetu walielewa bila maelezo. Wasio wa kwetu niliwaomba tu wawapeleke zimamoto. Uraia wetu haukuguswa. Posta nilirudi na boksi la ng'ombe wa kitenge. Yule dada wa kucha akauliza swali lake. Nikamwambia, "Please, slow." Akaanza upya, polepole, neno kwa neno, naye akanionyesha kwenye ukuta picha za vitu vyote: chupa, betri, manukato, kiberiti. Picha zilikuwepo pale siku zote, kina mama! Juu ya kichwa chake!

Nawashukuru watu. Namshukuru yule mkalimani ambaye sijui hata uso wake, aliyecheka halafu akaeleza. Namshukuru afisa aliyeniuliza swali moja badala ya kunifunga pingu. Wewe wa Reynoldsburg na mdomo wako wa utani, Mungu akuongezee utani. Mume wangu namshukuru, Kifaransa chake tumekiweka kabatini. Na mama mmoja wa Buffalo, sitamtaja, mkisalimiana naye leo mtausikia mkono wake, kiganja ni kigumu upande mmoja. Mshikeni taratibu.

Ninalowaachia ni dogo. Nchi hii inatuuliza maswali kila siku, hospitali, shule, kazini, posta, na sisi tumezoea kujibu upesi tusionekane wajinga. Tunasema yes, tunasema no, tunatabasamu. Mama, kama hukuelewa, sema sikuelewa. Warudie. Waite mkalimani, ni bure, ni haki yako. Neno usilolijua usiliitikie, kwa sababu huenda ndilo lenye moto.

Nimemaliza. Ila naona wale dada wa mlangoni wanamtuliza mtoto mmoja anayekimbia huko nyuma kati ya viti, anapiga kelele. Nywele zimesukwa, ndefu, zinaruka. Ndiye huyo, wa chini ya meza. Mwacheni, jamani. Mwacheni apige kelele.